Nyeri, 2017: Magavana Wanne Ndani ya Mwaka Mmoja

Nyeri iliingia mwaka wa 2017 ikiongozwa na Nderitu Gachagua. Kufikia Desemba, kiti chake kilikuwa kimepokewa na Samuel Wamathai, kikaenda kwa Wahome Gakuru, na hatimaye kikaangukia mikononi mwa Mutahi Kahiga. Wawili kati yao walikuwa wamefariki. Mmoja alikuwa amebwagwa kwenye mchujo wa chama. Wa nne aliapishwa kushika cheo ambacho, miezi mitatu tu nyuma, alikuwa akimwombea mwenzake kura. Miongoni mwa kaunti 47 za Kenya hakuna nyingine iliyopitia mabadiliko kama hayo katika muda mfupi hivyo. Wengi huusimulia mwaka ule kama mwaka wa mikosi, na msiba ulikuwepo kweli. Lakini ulikuwa pia mwaka ambao Katiba changa ilitiwa kwenye mizani, na wenyeji wa Nyeri ndio waliokuwa mahali pa kuona ilipobeba na ilipopwaya.

Swali la nani amrithi nani halikuanza na magavana. Miongoni mwa Wagikuyu wa zamani, utawala haukurithiwa na mtoto wa mtawala. Ulitoka kizazi kizima kwenda kizazi kizima, Mwangi wakiwapisha Maina na Maina wakiwapisha Mwangi, kwa sherehe ya ituika iliyofanyika takriban kila miaka 30. Waliopokea walitoa mbuzi, waliong'atuka wakakubali kuwa wazee wa ushauri, na hakuna mtu mmoja aliyeweza kudai kwamba nchi ni yake. Mwaka 1902 Richard Meinertzhagen alifika Tetu na askari wake, wenyeji wakapigwa, na ngome ikajengwa karibu na Kilima cha Nyeri. Tangu hapo kiongozi aliletwa kutoka juu. Chifu aliteuliwa na Mzungu na aliwajibika kwa Mzungu, na uchungu wa jambo hilo ulionekana Oktoba 1952, pale Chifu Mkuu Nderi alipouawa siku mbili tu baada ya Hali ya Hatari kutangazwa.

Uhuru haukubadilisha sana mtindo huo. Majimbo ya 1963, yenye mabunge yao na marais wao wa jimbo, yalinyang'anywa nguvu kabla hayajatia mizizi, na Kenya ilipokuwa jamhuri Desemba 1964 mamlaka yote yalikuwa yamerudi Nairobi. Nyeri ikawa makao makuu ya Mkoa wa Kati, na aliyekaa hapo ni mkuu wa mkoa, PC. Simeon Nyachae, mtu wa Kisii, alikuwa PC wa Mkoa wa Kati katika miaka ya 1970, na hakuna mkulima wa kahawa wa Mukurwe-ini wala wa chai wa Othaya aliyeulizwa kama anamtaka au la. Rais aliamua, tangazo likasomwa redioni, PC mmoja akafunga mizigo na mwingine akafungua. Urithi wa madaraka haukuwa jambo la wananchi. Ulikuwa uhamisho wa kikazi.

Kwa hiyo Katiba ilipotiwa saini na Mwai Kibaki, mwana wa Othaya, pale Uhuru Park tarehe 27 Agosti 2010, kilichokuja Nyeri kilikuwa kigeni kabisa. Gavana angechaguliwa kwa kura, akae miaka mitano, na asizidi vipindi viwili. Angekuwa na naibu aliyechaguliwa naye kwenye karatasi moja. Na Ibara ya 182 ikaweka bayana nini kingefuata gavana akifa, akijiuzulu, akifungwa au akiondolewa: naibu anashika kiti hadi mwisho wa kipindi. Wote wawili wakikosekana, spika wa bunge la kaunti anashikilia, na uchaguzi unafanywa katika siku 60. Sidhani wengi waliisoma ibara hiyo kwa makini wakati ule. Mjadala wa kura ya maoni ulikuwa juu ya ardhi, mahakama za Kadhi na uavyaji mimba. Nani alikuwa na muda wa kuwaza juu ya gavana aliyekufa, wakati hata gavana aliye hai hajawahi kuonekana?

Machi 2013 wapiga kura walimchagua Nderitu Gachagua, aliyekuwa mbunge wa Mathira kuanzia 2002 hadi 2007. Inafaa kukumbuka alivyoshinda. Mlima Kenya ulikuwa umefunikwa na wimbi la TNA, chama cha Uhuru Kenyatta, ila Nyeri ikampa kura za ugavana mtu wa Grand National Union (GNU), chama kilichoongozwa na Mwangi Kiunjuri wa Laikipia. Rais walimpigia wa chama kimoja, gavana wakamchukua wa kingine, na hilo laonyesha kwamba watu walikuwa wameshaelewa kuwa gavana ni wao wenyewe, si mjumbe wa Ikulu.

Gachagua hakurithi ofisi. Alirithi madeni, majengo na wafanyakazi wa mabaraza yaliyovunjwa ya Nyeri, Karatina na Othaya, akakabidhiwa hospitali ya mkoa iliyogeuka kuwa ya kaunti, pamoja na watumishi wa wizara ambao jana walikuwa wakiripoti Nairobi. Huku upande wa pili wa mji, serikali kuu iliendelea kuwa na kamishna wake wa kaunti, mwenye gari, bendera na askari. Magavana wa kwanza wote walipitia hayo. Hawakuwa na wa kumwuliza alifanyaje, maana hapakuwa na aliyewatangulia.

Uhusiano wake na madiwani uliharibika. Septemba 2016 bunge la kaunti lilipitisha hoja ya kumwondoa, na kesi ikapelekwa kwenye Seneti. Kamati maalumu ya maseneta ikaona mashtaka hayakuthibitishwa, na Gachagua akarudi kazini. Wakati huohuo mwili wake ulikuwa ukipigana vita nyingine. Alikuwa na saratani ya kongosho, na safari zake za matibabu Uingereza hazikuwa siri. Tarehe 24 Februari 2017, Ijumaa, alifariki katika hospitali ya Royal Marsden, London. Alikuwa gavana wa kwanza wa Kenya kufia madarakani. Alizikwa nyumbani kwao Hiriga, Mathira.

Ndipo Ibara ya 182 ikatoka kwenye kitabu. Samuel Wamathai, aliyekuwa naibu kwa karibu miaka minne, akaapishwa siku chache baadaye. Hakuna aliyekwenda mahakamani kupinga, wala hapakuwa na tangazo la redioni kutoka Ikulu la kumteua. Jina lake lilikuwa kwenye karatasi ya kura ya 2013 kando ya jina la marehemu, na hiyo ilitosha. Kwa mji ambao kwa miaka 110 ulikuwa umezoea kuletewa mtawala, naliona tendo hilo kuwa kubwa kuliko lilivyosimuliwa. Magazeti yalijaa habari za mazishi, na ilikuwa haki yao, ila chini ya habari za mazishi kulikuwa na habari nyingine.

Wamathai alipata takriban miezi sita. Bajeti ya mwaka huo ilikuwa imeshagawanywa, mawaziri wa kaunti walikuwa wa marehemu, na hakuwa na naibu wa kumsaidia. Kisha ukaja mchujo wa chama cha Jubilee mwezi Aprili. Vyama vya muungano vilikuwa vimevunjwa na kuwa kimoja, GNU kikiwemo, na katika Nyeri ya 2017 aliyepata tiketi ya Jubilee alikuwa amefika. Wahome Gakuru akamshinda. Wamathai alibaki kuongoza kaunti ambayo tayari ilijua nani angeiongoza baadaye, akaendelea hadi Agosti alipokabidhi.

Nikisoma juu ya magavana wa kwanza wa Marekani, mwaka mmoja hunirudisha Nyeri moja kwa moja. Ni mwaka 1777, katika jimbo la Georgia, lililokuwa limejitangazia uhuru chini ya mwaka mmoja. Kiongozi wake Archibald Bulloch alifariki ghafla mwezi Februari. Baraza la Usalama likampa kiti Button Gwinnett, mmoja wa waliotia saini Tangazo la Uhuru. Mwezi Mei bunge la Georgia lilipochagua gavana chini ya katiba mpya, Gwinnett akashindwa na John Treutlen. Mpaka hapo ni kama habari ya Nyeri miaka 240 kabla: kifo Februari, mrithi wa muda mfupi, kushindwa katika uchaguzi. Tofauti inakuja baadaye. Gwinnett alikuwa na ugomvi na jenerali Lachlan McIntosh juu ya nani anaamuru jeshi. Mwezi huohuo wa Mei walipigana kwa bastola, ana kwa ana, na Gwinnett akafa kwa jeraha lake. Mipaka ya madaraka ilikuwa haijakaa sawa, na watu wakaitafuta kwa risasi. Wamathai alikabidhi ofisi na kurudi nyumbani.

Massachusetts walipata bahati zaidi, au niseme waliandika vizuri zaidi. Katiba yao ya 1780 ilikuwa na naibu gavana aliyechaguliwa na wananchi. John Hancock alipofariki akiwa gavana Oktoba 1793, naibu wake Samuel Adams alishika kazi siku zilezile, mwaka uliofuata akachaguliwa kwa kura zake mwenyewe, na akaendelea hadi 1797. Nyeri ya Novemba 2017 ilifuata njia hii bila kujua.

Wahome Gakuru alikuwa mtu wa namna nyingine kati ya wanasiasa wetu. Alikuwa msomi mwenye shahada ya uzamifu, mmoja wa wataalamu waliosaidia kuandaa Ruwaza ya 2030, na alikuwa amegombea ugavana 2013 akashindwa. Alirudi 2017 na mipango iliyoandikwa, akaizungumza kwa tarakimu na ratiba. Uchaguzi ulikuwa tarehe 8 Agosti. Kisha nchi ikaingia katika msukosuko: Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa urais tarehe 1 Septemba, ukarudiwa tarehe 26 Oktoba, na muda wote huo nani alikuwa na nafasi ya kumsikiliza gavana mpya akieleza mpango wa maji wa Kieni? Gakuru alifanya kazi yake katika miezi ambayo masikio ya wote yalikuwa Nairobi.

Barabara ya kutoka Nyeri kwenda Nairobi hupita Karatina na Sagana, ikaingia Murang'a, Kenol, kisha Kabati, halafu Thika. Sehemu ya Kenol hadi Thika ni pana na laini, ina njia mbili kila upande, na wakati ule dereva aliyetoka kwenye msongamano wa malori ya Sagana alipumua alipoifikia. Pembeni kuna kingo za chuma, zile bamba ndefu zilizofungwa kwa nguzo fupi, zilizowekwa ili gari likiteleza lizuiwe lisitumbukie bondeni. Asubuhi ya tarehe 7 Novemba 2017, Jumanne, mvua ilikuwa ikinyesha. Pale Kabati gari la gavana liliacha njia na kugonga ukingo. Bamba lile, badala ya kulirudisha gari barabarani, lilipenya ndani yake. Gakuru alikimbizwa hospitali ya Thika, na habari ikapanda mlima kabla ya saa sita mchana: gavana amefariki. Alikuwa hajamaliza miezi mitatu ofisini. Walionusurika ndani ya gari lile walibaki na majeraha, na wahandisi na wananchi wakabaki na hoja juu ya kingo zile, namna ncha zake zinavyofungwa na kupindwa mahali ambapo magari yanakwenda kwa kasi. Hoja hiyo inastahili kuendelea kusukumwa. Kifaa cha kuokoa kilichogeuka kuua si ajali tu.

Ndani ya wiki moja, tarehe 13 Novemba, naibu wa Gakuru, Mutahi Kahiga, aliapishwa kuwa gavana wa nne wa Nyeri. Tena hapakuwa na mvutano. Bunge la kaunti liliendelea, mishahara ikalipwa, zahanati zikafunguliwa. Ilani aliyoipokea ilikuwa ile waliyoinadi pamoja vijijini, kwa hiyo hakuweza kuikana kama ya mtu mwingine, wala wananchi hawakuhitaji kuuliza amesimama wapi.

Kupwaya kwa Katiba kulionekana mahali pengine. Kahiga alipopanda, kiti cha naibu kilibaki kitupu, na Katiba haikusema neno juu ya namna ya kukijaza. Kwa naibu wa rais imeeleza wazi: rais ateue katika siku 14, Bunge lipige kura katika siku 60. Kwa naibu gavana, kimya. Wamathai alikuwa ameongoza miezi yake yote bila naibu kwa sababu ya kimya hicho. Hebu tufikirie: baada ya vifo viwili katika mwaka mmoja, Nyeri ilikuwa na gavana asiye na mrithi. Lolote likimpata, ni spika, halafu uchaguzi mpya wa haraka katika kaunti ambayo ilikuwa imeshachoka na kura na mazishi.

Ufumbuzi ulitoka upande wa pili wa mlima. Spika wa bunge la kaunti ya Embu alikuwa amepeleka swali hilohilo Mahakama ya Juu tangu 2015, na Machi 2018 majaji wakatoa maoni yao. Walisema utaratibu wa naibu wa rais utumike: gavana apendekeze jina katika siku 14, bunge la kaunti liamue katika siku 60. Mwaka huohuo Caroline Karugu akawa naibu gavana wa Nyeri. Baadaye uhusiano wake na Kahiga uliharibika hadharani, na hapo tukaona tatizo ambalo mahakama haiwezi kulitibu. Naibu aliyechaguliwa na wananchi na naibu aliyeteuliwa baadaye wana cheo kimoja, ila wa pili hana kura ya kuegemea akikosana na mkubwa wake.

Kwamba swali lilitoka Embu halikuwa sadfa. Embu ndiko ugatuzi ulikojaribiwa kwa ukali mwanzoni. Gavana wake wa kwanza, Martin Wambora, aliondolewa na madiwani Januari 2014, Seneti ikakubali mwezi uliofuata, na naibu wake Dorothy Nditi akaonekana yuko hatua moja kufika. Wambora akaenda Mahakama Kuu ya Kerugoya, akashinda, akaondolewa tena, akarudi tena mahakamani. Alimaliza kipindi chake, akachaguliwa upya 2017, na kufikia 2022 alikuwa ameliongoza Baraza la Magavana. Kule Kirinyaga, Anne Waiguru alikuwa mmoja wa wanawake watatu wa kwanza kuchaguliwa magavana 2017. Madiwani walimwondoa Juni 2020, Seneti ikamsafisha. Meru ilikuwa na Peter Munya, kisha Kiraitu Murungi, kisha Kawira Mwangaza, ambaye madiwani walimpigia kura ya kumwondoa mara tatu. Ya tatu ilikubaliwa na Seneti Agosti 2024, kesi ikasikilizwa, na Machi 2025 naibu wake Isaac Mutuma M'Ethingia akaapishwa.

Sharti nitaje Nairobi, ingawa si ya mlima. Gavana Mike Sonko alipoondolewa Desemba 2020 hakuwa na naibu, kwa sababu Polycarp Igathe alikuwa amejiuzulu tangu Januari 2018 na nafasi ikaachwa hivyohivyo. Spika Benson Mutura akashikilia jiji, kesi zikafuatana, na Anne Kananu, aliyeingia baadaye kama naibu, hakuapishwa kuwa gavana hadi Novemba 2021. Karibu mwaka mzima jiji kuu halikuwa na gavana kamili. Ukiweka hiyo kando ya siku sita za Nyeri, utaelewa kwa nini naona kumwacha naibu bila kujazwa ni uzembe dhidi ya wananchi.

Kuna hesabu nyingine ndani ya Ibara ya 182 ambayo watu wa Nyeri huizungumza sasa kuliko zamani. Naibu akishika kiti ikiwa imebaki zaidi ya miaka miwili na nusu, anahesabiwa kuwa amemaliza kipindi kizima. Ikiwa imebaki pungufu ya hapo, hahesabiwi chochote. Kwa hesabu hiyo, miezi ya Wamathai si kipindi, na kisheria angeweza kugombea vipindi viwili kamili. Kahiga, aliyepanda miezi mitatu baada ya uchaguzi, alihesabiwa kile cha 2017 chote. Alichaguliwa kwa jina lake mwenyewe Agosti 2022 kwa tiketi ya chama cha UDA, na hicho kikawa cha pili na cha mwisho. Kipindi kimoja alichokitumikia Kahiga karibu chote kilipigiwa kura kwa uso wa Gakuru. Ukipita mjini Nyeri ukaona kituo cha mabasi kilichopewa jina la Field Marshal Muthoni Kirima, mpiganaji wa msituni, kumbuka kimejengwa na serikali iliyozaliwa na ajali ya Kabati.

Nyumba ya Hiriga nayo haikutoka kwenye habari hii. Rigathi, mdogo wake Nderitu, alichukua ubunge wa Mathira mwaka uleule wa 2017, akawa naibu wa rais 2022, na akaondolewa na Seneti Oktoba 2024. Nafasi yake ikaenda kwa Kithure Kindiki wa Tharaka-Nithi, kwa utaratibu uleule wa siku 14 na siku 60 ambao Embu waliombea maoni na Nyeri wakautumia.

Uchaguzi mkuu ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Kahiga hatakuwa kwenye karatasi ya ugavana, na Nyeri itampata gavana wake wa tano, anayefika kwa kura tangu mwanzo kama Nderitu na Gakuru walivyofika. Wanaotaka kiti wameshaanza kuonekana kwenye mazishi, kwenye harambee za makanisa na kwenye mikutano ya vyama vya ushirika vya kahawa. Desturi ya wagombea ni kumchagua mwenza siku za mwisho, kwa hesabu ya eneo: kama mgombea ni wa Mathira, mwenza atoke Othaya au Kieni, kura zijumlike. Mimi nitakuwa Nyeri siku kampeni zitakapofunguliwa, na kila mgombea atakayesimama jukwaani nitamwuliza mwenza wake ni nani, amewahi kusimamia bajeti gani, na ataanza na nini asubuhi ya kwanza akiamka ni gavana.